Lartigue: Kijana wa kamera aliyetambulika uzeeni

MPIGA picha Jacques Henri Lartigue wa Ufaransa alikuwa na umri wa miaka 69 dunia ilipolifahamu jina lake. Ilikuwa mwaka 1963, pale Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, Marekani, lilipotundika ukutani picha zilizokuwa zimelala ndani ya albamu za familia kwa takriban nusu karne.

Waliokwenda kuzitazama walikuta magari yakipita kwa kasi, ndege za mwanzo zikijaribu kuiacha ardhi na watu walionaswa wakiwa hewani. Hazikuwa kazi ya mtaalamu aliyeajiriwa. Nyingi zilipigwa na mtoto, kisha kijana wa umri wa kwenda shule, aliyekuwa akiwafuata ndugu zake michezoni akiwa na kamera.

Ndiyo maana maisha ya Lartigue hayasimuliki bila kumtaja kaka yake mkubwa, Maurice, ambaye nyumbani waliitana naye kwa jina la utani la Zissou. Zissou alibuni, akaunda na kujaribu. Jacques alitazama na kuhifadhi.

Mtoto aliyeogopa kusahau

Lartigue alizaliwa Juni 13, 1894, katika mji wa Courbevoie, pembezoni mwa Paris. Familia yake ilikuwa na uwezo mkubwa wa fedha. Baba yake, Henri, alikuwa mfanyabiashara aliyependa magari, mashine mpya na kamera, wala hakuwanyima wanawe nafasi ya kuvigusa vitu hivyo.

Jacques alikuwa mtoto mwenye afya dhaifu, na masomo aliyapata nyumbani kwa walimu wa kuajiriwa. Tangu utotoni alisumbuliwa na wazo moja: kila siku njema ilikuwa na mwisho wake, na kumbukumbu peke yake haikutosha kuirudisha.

Kabla ya kupata kamera alijibunia mtego wa macho. Alifumba na kufumbua macho kwa ghafla, akajizungusha, akiamini kwamba alichokiona kingebaki kichwani mwake pamoja na rangi na sauti zake. Mtego huo ulimfaa kwa siku chache, kisha ukakoma kufanya kazi, jambo lililomhuzunisha sana.

Mwaka 1902 baba yake alimpa kamera. Ilikuwa chombo kikubwa cha mbao, kilichosimama juu ya miguu mitatu na kutumia sahani za kioo za sentimita 13 kwa 18. Haikuwa rahisi kwa mtoto wa miaka minane kukihamisha huku na huko, na chochote kilichotembea mbele yake kilitoka kama moshi.

Miaka michache baadaye alipata kamera ndogo za mkononi, zilizoruhusu mwanga kuingia kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Hapo mambo yakabadilika. Watu hawakulazimika tena kusimama wima kama wanaopigwa picha studio. Waliweza kukimbia, kuruka na kuanguka, na kamera ikawadaka.

Zissou na vyombo vyake

Zissou, aliyemzidi mdogo wake takriban miaka minne, alikuwa na kichwa cha ufundi. Mwaka 1905 familia ilipopata kasri la Rouzat, katika eneo la Auvergne, katikati ya Ufaransa, vijana hao walipata uwanja mpana wa kufanyia majaribio yao.

Zissou aliunda vigari vya kuteremka kwenye miinuko bila injini, vyombo vya kuelea majini na, zaidi ya yote, ndege zisizo na injini. Binamu, marafiki na watumishi wa nyumba waliitwa kusukuma, kuvuta kamba na kuokota vipande baada ya ajali.

Hayakuwa mambo ya ajabu kwa nyakati zile. Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walikuwa wamerusha ndege yenye injini mwaka 1903, na nchini Ufaransa waanzilishi wa usafiri wa anga walijaribu bahati yao mbele ya umati. Mwaka 1904 Jacques, akiwa bado hajatimiza miaka 10, alimpiga picha mmoja wao, Gabriel Voisin, akijaribu kuruka katika eneo la Merlimont, kaskazini mwa nchi hiyo.

Kwa kuwa alikuwa mdogo na si mwenye nguvu, mara nyingi Jacques alibaki mtazamaji wakati wakubwa wakicheza. Kamera ilimpa kazi katika michezo ile. Zissou naye alihitaji shahidi, kwani jaribio lililodumu kwa sekunde chache lingepotea kabisa kama lisingepigwa picha.

Moyo huo wa kucheza uliwaingia ndugu wengine pia. Katika picha ya mwaka 1905, binamu yao aliyeitwa Bichonnade ameruka kutoka kwenye ngazi za nje ya nyumba jijini Paris, akiwa na sketi ndefu ya wakati huo, na miguu yake haigusi chochote. Anaonekana kana kwamba anapaa.

Septemba 1910, huko Rouzat, ndege ya Zissou iliyopewa jina la ZYX 24 iliinuka kidogo kutoka ardhini. Jacques, aliyekuwa na umri wa miaka 16, aliipata ikiwa hewani huku watu waliokuwa chini yake wakiruka nao, kana kwamba wanataka kwenda nayo. Mwaka uliofuata alimpiga Zissou akielea majini ndani ya tairi, amevaa suti, ametulia kama aliyeketi sebuleni.

Kijana na shajara yake

Kadiri alivyokua, mapenzi yake kwa kamera yaligeuka kuwa nidhamu. Aliandika shajara, akieleza hali ya hewa na mambo ya siku. Humo alichora pia, kwa kumbukumbu, vielelezo vya picha alizopiga, kisha zilizosafishwa akazibandika katika albamu kubwa kwa mpangilio wa miaka.

Akiwa na miaka 16 hivi alianza kusimama kando ya barabara pana ya Bois de Boulogne, jijini Paris, akiwasubiri wanawake waliopita wakiwa na mavazi ya fasheni mpya, kofia kubwa na mbwa wao. Ilimbidi akisie umbali kwa macho, asubiri mpaka mhusika afike pale lenzi ilipoelekezwa, kisha abonyeze. Hakukuwa na nafasi ya kurudia.

Mashindano ya magari nayo yalimvuta. Picha yake mashuhuri zaidi ni ya gari la Grand Prix ya Ufaransa, iliyofahamika kwa miaka mingi kuwa ya mwaka 1912, ingawa watafiti wa baadaye wameiweka mwaka 1913. Katika picha hiyo gurudumu la gari limepinda kama yai na kuinamia mbele, wakati watazamaji na nguzo kando ya barabara wameinama upande wa pili.

Upindaji huo una sababu. Katika kamera ya aina ile, mwanya mwembamba hupita mbele ya sahani, hivyo sehemu moja ya picha hupata mwanga kabla ya nyingine. Kijana huyo aliizungusha kamera kulifuata gari lakini hakuifikia kasi yake. Kwa kuwa sehemu ya gari ilikatwa na vitu vimepinda, picha hiyo ilihesabika kuwa imeharibika. Leo hutumika kama mfano wa jinsi kasi inavyoweza kuonekana katika karatasi isiyotembea.

Mchoraji mwenye siri sandukuni

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, maisha ya raha aliyoyajua yalifikia ukingoni. Mwaka 1915 Lartigue aliingia Académie Julian, shule ya uchoraji jijini Paris. Aliamua kwamba uchoraji ndio ungekuwa kazi yake mbele ya watu.

Mwaka 1919 alimuoa Madeleine Messager, binti wa mtunzi wa muziki André Messager, na wakapata mtoto wa kiume, Dany. Ndoa hiyo haikudumu, na baadaye alioa tena mara mbili. Utajiri wa familia nao ulipungua, hivyo ikambidi ategemee zaidi brashi yake kuliko urithi.

Katika miaka yote hiyo hakuacha kupiga picha. Hata hivyo, hakuzichukulia kuwa kazi ya kumpatia jina. Baadhi zilichapishwa magazetini, lakini sehemu kubwa ilibaki katika albamu.

Mwaka 1962, akiwa safarini Marekani na mkewe Florette, picha zake zilimfikia Charles Rado, wakala wa picha mjini New York. Rado alimuunganisha na John Szarkowski, msimamizi mpya wa idara ya picha ya makumbusho ya jiji hilo. Maonyesho yalifanyika mwaka uliofuata.

Jarida la Life lilichapisha picha zake katika toleo la Novemba 29, 1963, ambalo pia lilibeba habari za kuuawa kwa Rais John F. Kennedy. Toleo hilo lilisomwa na watu wengi mno. Kwa bahati hiyo, picha za michezo ya Rouzat zikaingia katika nyumba za Wamarekani walioomboleza.

Mwaka 1970 mpiga picha Richard Avedon alihariri kitabu cha picha na kumbukumbu zake. Mwaka 1974 Lartigue, akiwa na miaka 80, alipiga picha rasmi ya Rais Valéry Giscard d'Estaing wa Ufaransa.

Kipaji au malezi?

Sifa zake zilikuja na hadithi ya mtoto wa ajabu aliyepiga picha bora bila kufundishwa na mtu. Baadaye watafiti waliitilia shaka. Mwaka 2004 Kevin Moore alionyesha katika kitabu chake kwamba kijana huyo alikulia katika mazingira ya wapenda picha wa ridhaa, yaliyokuwa na majarida yake na mtindo wake wa kunasa watu wakiwa katika mwendo.

Hoja hiyo haimpunguzii heshima. Inaeleza jinsi kipaji chake kilivyokua. Baba alitoa kamera, kaka akatoa matukio, binamu wakakubali kuruka, na Jacques akaongeza subira na jicho. Vilevile ni kweli kwamba vijana wengi wa nyakati zile, ambao wazazi wao hawakuwa na fedha za kununulia sahani za kioo, hawakupata nafasi kama yake.

Mwaka 1979 Lartigue alikabidhi kazi zake kwa taifa la Ufaransa: picha zaidi ya 100,000 pamoja na albamu na shajara alizozitunza tangu utotoni. Alifariki dunia Septemba 12, 1986, mjini Nice, akiwa na umri wa miaka 92.

Zissou hakupata umaarufu kama wa waanzilishi wengine wa usafiri wa anga. Ndege yake ya mwaka 1910 haikuendelea mbali na shamba la Rouzat. Inakumbukwa hadi leo kwa sababu siku ilipoinuka, mdogo wake alikuwa amesimama karibu na kamera yake, tayari.