Arthur Loveridge: Mtu aliyeisoma Uluguru kupitia miili ya vyura

Ukiwa Morogoro mjini huhitaji kuuliza Milima ya Uluguru iko wapi. Inua macho tu, utaiona imejifunika mawingu. Lakini je, unajua kwamba misitu yake ina vyura wasiopatikana kwingine kokote duniani? Mmoja wa watu waliotuwezesha kulijua hilo ni Arthur Loveridge.

Alizaliwa Penarth, Wales, mwaka 1891. Mwaka 1914 alifika Nairobi kusimamia jumba la makumbusho. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijiunga na jeshi la Waingereza, na baada ya vita akawa ofisa wa wanyamapori Tanganyika. Mwaka 1924 alihamia Marekani, kwenye makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard.

Mwaka 1926 alirudi kufanya utafiti Uluguru na Usambara. Wenyeji walioujua msitu walimsaidia kukamata viumbe. Kazi yake yeye ilikuwa kuchunguza maumbo: kuhesabu magamba ya nyoka na mijusi, kupima miguu, kukagua vidole na meno.

Chukua mfano wa chura mdogo ambaye jina lake la kisayansi ni Hoplophryne uluguruensis. Dume lake lina miiba mahali pa kidole gumba. Viluwiluwi wake hawakui mtoni, bali katika maji kidogo yaliyotuama ndani ya mianzi au kwenye makutano ya majani ya migomba. Usambara kuna ndugu yake, wanafanana, lakini si yeye.

Yupo pia mnyama wa udongoni ambaye ukimwona utadhani ni mnyoo mkubwa. Kumbe ana uti wa mgongo, taya na meno, na ni jamaa ya vyura. Uluguru ina wake, Usambara ina wake.

Mwaka 1928, Loveridge na mkuu wake Thomas Barbour walichapisha ulinganisho wa viumbe wa milima hiyo miwili. Kati yake kuna nchi tambarare yenye joto na ukame, ambayo chura wa msitu wenye ubaridi na unyevu haivuki kirahisi. Kila safu ya milima ni kama kisiwa.

Loveridge alistaafu mwaka 1957, akahamia kisiwa cha St Helena, na huko akafariki mwaka 1980. Jina lake limebaki kwa ndege aina ya chozi anayeishi Uluguru peke yake.

Tangu mwaka 2008 msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia. Hata hivyo, moto na shoka havisomi mabango. Chura wa Uluguru akiisha, hatuwezi kwenda kuazima mwingine Usambara. Wa kule ana umbo lake, na huyu wetu hana mahali pengine pa kuishi.