Jimmie Rodgers: Msee wa Mississippi Aliyegeuka Chemirocha Kericho, Bila Wufa Wala Stima

Ukishuka Kapsoit jioni na jirani awe amenunua wufa mpya, utajua tu. Kifua kinatetema kabla hujaskia nani anaimba. Sasa niambie, ungekuwaje staa huku kwa majani chai bila amplifaya, bila stima, na bila kukanyaga Kenya hata siku moja? Kuna msee alitoboa hivyo.

Jimmie Rodgers alizaliwa 8 Septemba 1897 kule Meridian, Mississippi. Mamake alidedi yeye akiwa mtoi, na bado kijana mdogo akaingia reli, kazi ya breki za treni. 1924 akapatikana na TB. Reli ikamshinda, akashika gita. Yaani mapafu ndiyo mabovu na jamaa ndiyo anaamua kuimba! Tena na yodeli juu, ile sauti inaruka na kushuka ghafla.

4 Agosti 1927 alirekodi ngoma 2 za kwanza huko Bristol, Tennessee, chini ya Victor. Aliingia wakati mzuri. Maikrofoni za umeme zilikuwa zimefika studio juzi juzi tu, so hakuhitaji kupigia pembe ya kurekodi kelele. Akavuma haraka. 1930 alirekodi hadi na Louis Armstrong, yule wa tarumbeta.

Lakini TB haikumwacha. Mei 1933 alienda New York kurekodi ju familia ilihitaji doo. Alikuwa amelemewa mpaka akawekewa kitanda studio, apumzike kati ya ngoma na ngoma. 24 Mei akamaliza ya mwisho. 26 Mei akadedi, miaka 35.

Santuri zake nazo zilikuwa safarini. Wazungu walizileta Kericho na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Hiyo haina waya: springi inazungusha santuri, sindano inatikisa kiwambo kidogo, pembe inakuza sauti. Basi. Wakipsigis wakaskia hiyo yodeli na mtu mwenyewe haonekani. Jina likageuka Chemirocha, na stori ikakua kwamba huyu ni nusu mtu, nusu swala.

1950 Hugh Tracey akafika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi. Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wakamwimbia Chemirocha, na kinubi cha Kipsigis chini yao. Jimmie alikuwa kaburini miaka 17. Kama miaka 65 baadaye, rekodi hizo zikarudishwa kwa wenyewe.

Sasa ukizitafuta, usikimbilie kufungua besi. Wufa yako kazi yake ni sauti za chini kabisa, tuseme hezi 80 kushuka, na rekodi za 1927 hazikushika karibu chochote huko. Ukiongeza, unakuza mngurumo wa santuri tu, na kama umeisukuma kwa kona ya keja, ukuta utaongeza mngurumo zaidi. Ivute kutoka kona, punguza, achia spika ndogo kazi. Hiyo ya wasichana wa Kapkatet, manze, zima wufa kabisa. Utaskia hadi vidole vikigusa nyuzi.