Emmanuel Ifeajuna: Dhahabu ya Vancouver na Risasi za Enugu

Tunapowatazama vijana wetu wa Lagangabilili wakijiandaa kwa michezo ya UMISSETA, tunamkumbuka mwanafunzi mmoja wa Afrika aliyeruka juu kuliko wenzake wote, kisha maisha yake yakaishia mbele ya kikosi cha wapiga risasi. Si mtakatifu. Ni marehemu anayehitaji sala zetu, pamoja na wale waliouawa kwa sababu yake.

Emmanuel Ifeajuna alizaliwa mwaka 1935 huko Onitsha, mashariki mwa Naijeria. Alikuwa bado mwanafunzi mwaka 1954, alipopelekwa Vancouver, nchini Kanada, kwenye Michezo ya Himaya ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Alishindana akiwa amevaa kiatu kimoja tu, cha mguu wa kushoto, na alianza kuruka akiwa karibu mno na ufito, hata ukadhani angeugonga kwa kifua. Akauvuka kwenye futi 6 na inchi 8, yaani mita 2.03. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kutwaa dhahabu katika michezo hiyo kabla yake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika siku ile. Medali ya fedha ilichukuliwa na Patrick Etolu wa Uganda, aliyeruka mita 1.99, na ya shaba ikaenda kwa Mnaijeria mwingine, Nafiu Osagie. Watu weusi watatu kutoka nchi zilizokuwa bado chini ya bendera ya mkoloni! Etolu aliendelea na mchezo, na mwaka 1956 akaruka katika Olimpiki ya Melbourne. Ifeajuna hakuonekana tena katika mashindano makubwa, ingawa picha yake iliwekwa kwenye majalada ya madaftari ya wanafunzi wa Naijeria.

Katika Chuo Kikuu cha Ibadan moyo wake ulihamia kwenye siasa za wanafunzi. Alipohitimu alifundisha kwa muda, na mwaka 1960 akaingia jeshini na kupata mafunzo Uingereza.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1966, akiwa meja mjini Lagos, alikuwa miongoni mwa viongozi wa mapinduzi. Waziri Mkuu, Abubakar Tafawa Balewa, alichukuliwa nyumbani kwake, na siku chache baadaye mwili wake ukakutwa kando ya barabara nje ya mji. Waliuawa pia mawaziri wakuu wa majimbo ya Kaskazini na Magharibi, pamoja na maofisa wakubwa wa jeshi. Wapo waliosema kwamba vijana hao walitaka kufuta rushwa. Huenda. Lakini amri ya tano haina kifungu kinachowaachia wenye nia njema, na damu iliyomwagika usiku ule ilizaa kisasi, na kisasi kikazaa vita.

Mapinduzi yalipokwama Lagos, Ifeajuna alikimbilia Ghana. Baadaye alirudi nyumbani, akafungwa. Jimbo la Mashariki lilipojitangaza kuwa Biafra mwaka 1967, nchi ambayo Tanzania ya Mwalimu Nyerere iliitambua Aprili 1968, yeye alikuwa upande huo. Hata huko hakukaa salama. Yeye na wenzake watatu, Victor Banjo, Philip Alale na Sam Agbam, walishtakiwa kwa kula njama ya kumpindua Ojukwu. Wao walijitetea kwamba walikuwa wakitafuta njia ya kusimamisha vita kabla watu wengi zaidi hawajafa. Ni vigumu kwetu kuupima utetezi huo; mtu aliyefungua mlango wa umwagaji damu anaweza kweli kutamani kuufunga.

Mahakama haikuwakubalia. Wote wanne walipigwa risasi mjini Enugu tarehe 25 Septemba 1967. Ifeajuna alikuwa na umri wa takriban miaka 32. Siku chache tu baadaye Enugu yenyewe iliangukia mikononi mwa jeshi la serikali ya shirikisho, na vita vikaendelea hadi Januari 1970.