Grace Hopper, mwanamke aliyewafundisha wengi kusaka makosa ndani ya kompyuta

Kila tarehe 9 mwezi wa tisa, waandishi wengi wa programu za kompyuta duniani hukumbuka mdudu mmoja mdogo aliyekufa ndani ya mashine huko Marekani mwaka wa 1947. Jina linalotajwa pamoja na habari hiyo ni la Grace Hopper, mtaalamu wa hesabu na afisa wa jeshi la majini, aliyefariki tarehe 1 mwezi wa kwanza 1992 akiwa na miaka 85.

Kwa kijana wa Sanga, huko Kamina mkoani Haut-Lomami, jina hilo linaweza kuwa geni. Hata hivyo, kazi aliyosaidia kuianzisha iko mkononi mwake kila siku: katika simu, katika feza zinazotumwa kwa simu, katika kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyosema. Tena kuna jambo lingine linalounganisha maisha ya mama huyo na udongo wa Katanga. Tutalifikia.

Mtoto wa kufungua saa

Grace Brewster Murray alizaliwa New York tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1906. Alipokuwa na miaka 7 alitaka kujua namna saa ya kengele inavyofanya kazi. Akafungua moja, vyuma vikamwagika, akashindwa kuvirudisha. Akachukua ya pili kusudi aone ya kwanza ilikuwaje. Mama yake alipokuja kugundua, saa saba za nyumbani zilikuwa zimefunguliwa. Hakumpiga marufuku, alimwachia saa moja tu ya kufanyia majaribio.

Baba yake, aliyefanya kazi ya bima, alitaka mabinti zake wapate masomo sawa na mtoto wa kiume, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku hizo. Grace alipojaribu kuingia chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, alianguka mtihani wa Kilatini. Akangoja, akarudi, akapokelewa. Alimaliza masomo ya hesabu na fizikia mwaka wa 1928, akaendelea katika chuo kikuu cha Yale na kupata udaktari wa hesabu mwaka wa 1934. Mwaka wa 1930 aliolewa na Vincent Hopper. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka wa 1945, lakini jina la Hopper alibaki nalo.

Vita ya pili ya dunia ilipofika inchini mwao, alikuwa mwalimu Vassar. Alitaka kuingia jeshi la majini. Wakamwambia umri umepita na mwili wake ni mwembamba kupita kiasi. Hakukubali, akaomba ruhusa ya pekee na kuipata mwishoni mwa 1943. Katika mafunzo ya maafisa alitoka wa kwanza. Mwezi wa saba 1944 alitumwa chuo kikuu cha Harvard, chini ya kamanda Howard Aiken, mbele ya mashine ambayo hakuwahi kuona mfano wake.

Matundu kwenye karatasi

Mashine hiyo iliitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa karibu tani 5. Kwa sekunde moja iliweza kujumlisha mara 3. Kuzidisha mara moja kulichukua sekunde 6. Simu ndogo ya leo inaipita mbali sana, lakini wakati ule ilikuwa ajabu.

Haikuwa na kioo cha kuonyesha kinachoendelea. Maagizo yaliandikwa kwa kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Baluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole kusudi wakumbuke historia ya wafalme. Mtu asiyefundishwa aliona shanga tu. Utepe wa Mark I ulikuwa vilevile: kwa asiyejua, matundu matupu, kwa anayejua, kila tundu lilikuwa amri. Na tundu moja likikosewa, jibu lote liliharibika.

Ndipo Hopper alipokutana na swali ambalo mpaka leo ni la kwanza katika kusaka kosa: ubovu uko wapi, katika mashine au katika maagizo? Fundi wa gari la moshi pale Kamina, ambapo njia ya Lubumbashi inagawanyika kuelekea Ilebo na kuelekea Kabalo, analijua swali hilo. Kabla ya kufungua injini, unahakikisha kwanza kwamba si reli iliyoharibika.

Kikosi cha Harvard kilijifunza kusikiliza mlio wa mashine, maana mlio ukibadilika, kuna jambo. Inasimuliwa pia kwamba Hopper alitoa kioo kidogo cha kujipambia kutoka mkoba wake, akakitumia kuchungulia cheche nyuma ya swichi za umeme ambazo jicho halikufika.

Hesabu isiyokuwa na jina

Mwaka huo wa 1944, mtaalamu John von Neumann alileta Harvard hesabu ngumu sana. Mashine ilizifanya. Watu wa kikosi hawakuambiwa ni za nini. Baadaye ndipo walipofahamu kwamba zilihusu namna ya kulipua bomu la atomiki.

Hapa ndipo Katanga inapoingia. Sehemu kubwa ya uranium iliyotumiwa na Marekani katika kazi hiyo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wachimbaji wa Shinkolobwe nao hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya nini. Upande mmoja watu walichimba bila kujua, upande mwingine watu walipiga hesabu bila kujua, na matokeo yakaonekana Hiroshima na Nagasaki mwezi wa nane 1945. Ni sehemu ya historia ya kompyuta ambayo mara nyingi husimuliwa bila kutaja Kongo.

Mdudu wa 1947

Vita ilipokwisha, Hopper alibaki Harvard kwenye mashine zilizofuata. Tarehe 9 mwezi wa tisa 1947, Mark II ilikuwa inafanyiwa majaribio na ikagoma. Mafundi walipofungua, ndani ya swichi namba 70 ya paneli F walikuta kipepeo cha usiku kimebanwa. Walikitoa, wakakibandika kwa utepe katika kitabu cha kazi, wakaandika saa tisa na dakika 45 za mchana, na kuongeza kwa mzaha kwamba safari hii mdudu aliyepatikana ni mdudu kweli.

Watu wengi wanaamini kwamba neno mdudu kwa maana ya kosa la kompyuta lilizaliwa siku hiyo, na kwamba Hopper ndiye aliyemkamata. Yote mawili si sahihi. Mafundi wa Marekani walikuwa wakiita ubovu wa mashine mdudu tangu zamani. Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua mwaka wa 1878. Ndiyo maana mzaha ule ulichekesha. Hopper mwenyewe hakumkamata mdudu. Alichofanya ni kusimulia habari hiyo miaka mingi, mpaka dunia nzima ikaijua. Kitabu chenyewe, na kipepeo chake, kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington.

Kutoka kuchapisha mpaka chombo maalumu

Kipepeo kilikuwa kosa rahisi, kwa sababu kilionekana. Makosa mengi ya programu hayaonekani. Uingereza, mwaka wa 1949, Maurice Wilkes wa Cambridge alitambua kwa huzuni kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ataitumia kutafuta makosa katika programu alizoandika mwenyewe.

Njia ya kwanza, ambayo mpaka leo bado inatumiwa sana, ni kuiambia programu ijieleze. Tuchukue mfano wa depo yenye magunia 40 ya mahindi, kila gunia kilo 50. Programu inapaswa kutoa jumla ya kilo 2000, lakini inatoa 1950. Mwandishi anaongeza agizo la kuchapisha namba ya kila gunia linapohesabiwa. Anaendesha tena, anaona orodha imeanza na gunia la 2. Basi kosa limejulikana: hesabu imeruka gunia la kwanza.

Njia hii ni rahisi, lakini ina mipaka. Lazima ukisie mahali pa kuweka agizo. Ukikisia vibaya, unaanza upya. Programu ikiwa kubwa, maandishi yanakuwa mengi mpaka yanaficha kile unachotafuta. Na kazi ikiisha, ni lazima uyafute yote.

Kwa hiyo wataalamu walitengeneza programu za kuchunguza programu nyingine. Mwaka wa 1951, Stanley Gill wa Cambridge alieleza namna ya kuifanya kompyuta ichapishe yenyewe kila hatua inayopitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT, kilitumiwa chombo kilichoitwa DDT, jina la dawa ile ile ya kuua wadudu ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Mwaka wa 1986, Richard Stallman alitoa GDB, ambayo bado inatumiwa leo. Kwa vyombo vya aina hii, mwandishi anaisimamisha programu mahali anapotaka, anaangalia ndani yake kila namba iko vipi, kisha anaisogeza hatua moja moja. Chombo hakimwambii kosa ni lipi. Kinamwonyesha tu mahali ambapo mambo yaliacha kuwa jinsi alivyofikiri.

Kuzuia kosa kabla halijaingia

Hopper alichukua njia nyingine: kupunguza makosa kabla hayajaandikwa. Aliona kwamba waandishi wa programu walinakili kwa mkono vipande vya maagizo kutoka daftari za wenzao, na kila aliyenakili alikosea namba hapa na pale. Akajiuliza kwa nini mashine isinakili yenyewe.

Miaka hiyo haikuwa rahisi kwake. Harvard haikumpa kazi ya kudumu. Mwaka wa 1949 alihamia kampuni ya Eckert na Mauchly huko Philadelphia, na wakati huo alipambana na ulevi uliomfikisha hata mikononi mwa polisi. Marafiki walimsimamia, akaendelea na kazi.

Mwaka wa 1952 alikamilisha A-0, programu iliyokusanya vipande vilivyohifadhiwa na kuviunganisha pasipo mkono wa mtu. Wengi hawakuamini, maana walisema kompyuta inajua hesabu tu. Akaenda mbali zaidi na kupendekeza kwamba watu waandike maagizo kwa maneno ya kawaida, na mashine iyatafsiri. Kwa kuwaonyesha wakubwa wa kampuni kwamba inawezekana, alitayarisha programu ndogo yenye maagizo ya Kiingereza, kisha ile ile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakubwa wakashtuka: ingewezekanaje mashine iliyotengenezwa Marekani ifahamu Kifaransa? Hawakuona kwamba kwa mashine neno la lugha yoyote ni alama tu. Ilimchukua muda kuwatuliza.

Kutoka kazi hiyo ilizaliwa FLOW-MATIC, na mwaka wa 1959 lugha hiyo ikawa msingi mkubwa wa COBOL, ambayo mabenki na serikali za inchi nyingi wanaitumia mpaka leo. Faida yake kwa msaka makosa iko wazi. Maagizo yakisomeka kama maneno ya watu, mtu wa pili anaweza kuyapitia na kuona kosa ambalo wa kwanza hakuliona.

Mzee aliyekataa kupumzika

Jeshi la majini lilimstaafisha mwishoni mwa 1966. Mwaka uliofuata likamwita tena kwa miezi 6, kwa sababu programu zake za COBOL zilikuwa zimekuwa vurugu. Miezi 6 ikawa karibu miaka 20. Aliondoka kabisa mwezi wa nane 1986, akiwa na cheo cha amiri na umri wa miaka 79.

Katika safari zake za kufundisha alibeba vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, akawagawia wanafunzi. Huo ndio umbali mkubwa kabisa ambao umeme unaweza kwenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa kushika waya huo, mtu alielewa mara moja kwa nini kompyuta ya haraka lazima iwe ndogo.

Alizikwa Arlington, katika makaburi ya wanajeshi. Meli moja ya kivita ilipewa jina lake. Mwaka wa 2016 rais Barack Obama alimpa medali ya uhuru ya rais, na mwaka wa 2017 Yale ilitoa jina lake kwa nyumba mojawapo ya wanafunzi, mahali pa jina la John Calhoun, mwanasiasa aliyetetea utumwa.

Vyombo vya kusaka makosa, GDB ikiwa mmoja wao, hupatikana bila malipo, na vikishaingizwa katika kompyuta havihitaji intaneti. Kwa kijana wa Kamina mwenye mashine ya zamani na umeme wa saa chache, hilo si jambo dogo. Na asipokuwa navyo, agizo moja la kuchapisha namba ya gunia litamtosha kuanzia.