Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Wako wenzetu wanaosema sayansi ni ya watoto wa matajiri. La hasha! Mimi nawaletea habari za Michael Faraday.

Alizaliwa London mwaka wa 1791, babake akiwa mhunzi. Shule aliionja tu. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kujalidi vitabu, naye akawa anavisoma vile vile anavyovijalidi. Mwaka wa 1813 mwanasayansi Humphry Davy akamchukua awe msaidizi wake maabarani.

Katika miaka ya 1830 alipasha moto floraidi ya risasi. Ikiwa baridi haikupitisha umeme. Ilipoiva nyekundu, bado haijayeyuka, kumbe umeme unapita! Ilipopoa, ukakoma. Faraday alifariki mwaka wa 1867, sababu yake kamili haijajulikana.

Leo twaijua. Ndani ya fuwele, chembe zenye chaji ziitwazo ioni zimepangwa kama wanafunzi kwenye madawati. Viti vyote vikijaa, hakuna wa kuhama. Joto likizidi, baadhi huacha viti, na jirani huhamia palipo wazi. Kuhama huko ndiko kupita kwa umeme.

Mimi, mwanafunzi wa kutwa hapa Garissa, jioni husomea taa ya sola. Betri yake huweka jua la mchana. Sasa wanasayansi wanaunda betri za yabisi, zisizo na kioevu cha kushika moto. Njia hiyo aliianza mwana wa mhunzi.

Wenzangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame.