Shelley Mann: Mtoto wa polio aliyetwaa dhahabu ya kipepeo

Katika mchezo wa kuogelea kuna mtindo unaochosha kuliko mingine, nao unaitwa kipepeo. Mwogeleaji hurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja, huku miguu miwili ikipiga maji kwa pamoja kama mkia wa pomboo, yule ambaye wavuvi wa Tanga humwona baharini. Mkono mmoja ukiwa dhaifu, mtindo wote unaharibika.

Sasa, mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa Olimpiki katika mtindo huo aliugua polio utotoni. Ni Shelley Mann, ambaye leo tunawasimulia maisha yake.

Mann alizaliwa Marekani Oktoba 15, 1937. Akiwa na miaka 6 alipatwa na polio. Virusi vya ugonjwa huu hushambulia neva zinazopeleka amri kwenye misuli, na msuli usiopata amri hulegea na kusinyaa. Enzi hizo hapakuwa na chanjo. Chanjo ya kwanza ilithibitishwa mwaka 1955, wakati Mann ameshafika miaka 17.

Alipofikisha miaka 10 alianza kuogelea. Hakuwa akitafuta medali, alitaka viungo vyake vipate nguvu. Maji hubeba uzito wa mwili, hivyo mkono unaoshindwa kuinuka nchi kavu huweza kusogea ndani ya maji. Masimulizi ya maisha yake yanasema alipiga hatua moja moja: kwanza kuinua mkono juu ya maji, kisha kuvuka upana wa bwawa, halafu urefu wake.

Baadaye alijiunga na klabu ya Walter Reed jijini Washington, chini ya kocha Stan Tinkham. Huko alikuwa hodari katika kipepeo na pia katika mseto. Mseto ni shindano ambalo mtu mmoja huogelea mitindo minne mfululizo: kipepeo, chali, chura na mtindo huria. Mwaka 1956 alivunja rekodi za dunia za kipepeo, mita 100 na 200, pamoja na mseto wa mita 400.

Mwaka huohuo Olimpiki zilifanyika Melbourne, Australia. Kipepeo kilikuwa kimetenganishwa na mtindo wa chura miaka michache tu nyuma, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuwa na shindano lake katika Olimpiki. Kwa wanawake iliwekwa mita 100 peke yake. Mseto wa mita 400 uliingia mwaka 1964, na kipepeo cha mita 200 mwaka 1968. Kwa hiyo kati ya mashindano matatu aliyoyamudu zaidi, Mann alipata nafasi katika moja tu.

Hakuipoteza. Desemba 1956, akiwa na miaka 19, aliogelea mita 100, yaani kwenda na kurudi katika bwawa la mita 50, kwa dakika 1 na sekunde 11. Wamarekani wenzake Nancy Ramey na Mary Sears walishika nafasi ya pili na ya tatu. Mann alipata pia medali ya fedha katika mbio za kupokezana za mtindo huria.

Mwaka 1966 aliingizwa katika jumba la kimataifa la heshima la waogeleaji. Alifariki Machi 2005, akiwa na miaka 67.

Hapa kituoni tumeona maisha haya yanatuhusu watu wa Handeni na Korogwe. Si kila kijiji kina maji ya kuogelea, lakini watoto wenye kiungo dhaifu wapo, na wengine bado wanafichwa ndani. Mann hakufichwa, alipewa mazoezi na muda.

Polio nayo haijatuacha kabisa. Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza polio mwaka 2015, lakini mwaka 2023 mgonjwa alibainika mkoani Rukwa. Matone ya chanjo hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama na baba, angalieni kadi ya kliniki ya mtoto. Kama kuna tarehe iliyopita bila chanjo, mpelekeni katika zahanati iliyo karibu nanyi.