YOSEFU MUKASA MBELE YA MFALME

Mmekwisha kusikia habari za Wakristo wa Roma walioshitakiwa mbele ya maliwali wa Kaisari. Nasi hapa Goma hatuna haja ya kutazama mbali hivyo. Shika njia ya Rutshuru hadi Bunagana, nawe umefika mpaka wa Uganda. Katika nchi ile Yosefu Mukasa Balikuddembe alihukumiwa mwaka 1885.

Tangu ujana wake alitumika katika jumba la mfalme Mutesa. Siku moja nyoka mkubwa akaonekana jumbani. Mukasa akamkamata kwa mikono mitupu, akamwua. Mwaka 1882 Padri Lourdel, mmoja wa Mapadri Weupe, akambatiza. Mwaka ule ule mapadri wakaondoka Uganda, wasirudi mpaka 1885. Muda huo wote Mukasa alikuwa kiongozi wa Wakatoliki.

Mutesa akafa mwaka 1884, na Mwanga mwanawe akamfanya Mukasa mkubwa wa watumishi wa jumbani. Lakini Mukasa aliwalinda vijana wasishiriki uchafu wa mfalme. Tena alimlaumu kwa kumwua Askofu Hannington, Mwingereza. Hannington alikuwa Mprotestanti, na Mukasa angaliweza kunyamaza. Hakunyamaza.

Basi Katikiro, waziri mkuu, aliyemchukia, akapata nafasi. Mfalme aliugua baada ya kumeza dawa ya Padri Lourdel. Mukasa akashitakiwa kwamba amemtukana mfalme, tena kwamba alitaka kumpa sumu. Ikaamriwa achomwe moto.

Asubuhi ya tarehe 15 Novemba Mukasa alikuwa amepokea Komunyo Takatifu. Mukajanga, mkubwa wa wauaji, alimpenda. Akakawia, akitumaini mfalme atageuza neno lake. Katikiro akatuma watu kumharakisha. Mukajanga akamkata kichwa kwanza, asiungue akiwa hai, ndipo mwili ukatiwa motoni.

Kabla ya kufa, Mukasa alimwagiza Mukajanga amwambie mfalme kwamba amemwua bila haki, naye amemsamehe. Lakini atubu, asipotubu, Mukasa atamshitaki barazani pa Mungu.

Mwanga akaliogopa sana shitaka hilo. Husimuliwa kwamba aliamuru mtu mwingine auawe na kuchomwa, na majivu yao yachanganywe, ili Mukasa asiweze kumshitaki. Nao vijana wengi wa jumbani wakaenda mbio kwa mapadri kuomba ubatizo, na Karoli Lwanga alikuwa mmoja wao.